Njia ya Ndani na Mahindi ya Mama Wanjiru

Mmeniletea karatasi yenye maswali ili nijibu kwa faida ya waelekezi wapya. Swali la kwanza linauliza nilianza na cheo gani na nikamaliza na kipi. Hilo nimeliruka. La pili linauliza mafanikio yangu makubwa, na hilo pia nimeliruka. Nimeongoza wageni kwa baiskeli kati ya Kitale na Bungoma miaka ishirini na sita, na magoti yote mawili bado yanakunjika. Kwa hivyo nimeigeuza karatasi yenu na ninaandika upande wa nyuma, vile ninavyotaka mimi. Mkikasirika ni sawa. Nimestaafu, hamna tena mahali pa kunipeleka.

Jina langu ni Nekesa. Kwetu ni juu ya Kimilili, pale barabara inapoanza kuupanda Mlima Elgon. Baiskeli nilijifunza kwa kuiba ya baba, ile nyeusi ya chuma yenye kengele kubwa, nikipitisha mguu chini ya bomba la katikati kwa sababu juu yake sikufika. Wamama wa kanisa walimwambia mama yangu ati msichana wa baiskeli haolewi. Niliolewa. Mume wangu alinikuta kando ya njia nikitoa tairi, akasimama akaanza kunieleza namna ya kuitoa, nikamwambia ashike spana na anyamaze. Alinyamaza mpaka nikamaliza kazi. Nikaona huyu anafaa.

Tangazo la kazi lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa duka la vipuri mjini Kitale: anatakiwa fundi wa baiskeli kwenye kituo cha kuzungusha wageni. Nilienda na sketi ya kanisani kwa sababu ndiyo nguo nzuri niliyokuwa nayo. Mwenye kituo wa wakati huo aliniangalia kutoka juu hadi chini, akaniambia kazi ya jikoni imeshapata mtu. Nikamwambia sikuja kupika, na kama angeonja ugali wangu angeshukuru kwamba sikuja kupika. Akacheka, akamwita Mzee Ndiema anipime.

Mzee Ndiema alikuwa Msabaot kutoka upande wa juu wa mlima, fundi mkuu na mchoraji wa njia zote tulizopitisha wageni. Alivaa kofia ya sufu mvua na jua. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa akiwa ameangalia kitu kingine. Alinipa gurudumu lililokuwa likiyumba na spana ya spoki, akaenda kunywa chai. Kituoni kulikuwa na kibanio cha kuwekea gurudumu lakini sikuwahi kukiona maishani. Nyumbani tuligeuza baiskeli miguu juu, tukashika chaki karibu na rimu huku gurudumu likizunguka, na pale chaki ilipogusa ndipo palipopinda. Chaki haikuwepo. Nikachukua kipande cha mkaa kwenye jiko la chai. Mzee aliporudi alilizungusha gurudumu, akalitazama kwa muda mrefu, akafuta alama nyeusi kwa kidole gumba.

"Kesho kuja na suruali," akasema.

Hiyo ndiyo barua yangu ya kuajiriwa. Nyingine waliniandikia baadaye, sijui iko wapi.

Mambo ya mkoba wa vifaa nitayasema mara moja tu, kwa sababu kila mwaka naona vijana wakibeba vitu vya kupendeza na kuacha vya kufaa. Bebeni tyubu mbili, viraka na gundi ambayo mmeifungua nyumbani mkaona bado ni laini. Bebeni kifaa cha kukata cheni na spana ya spoki. Bebeni kipande cha tairi kuukuu, urefu wa kiganja, cha kuweka ndani pale tairi ya mgeni inapochanika kwa jiwe, maana itachanika, na duka la karibu litakuwa na tairi za nduthi, yaani pikipiki, peke yake. Bebeni leso, kanga ile ya kujifunga kiunoni. Leso inafunga jeraha, inafunga mzigo, na mgeni akipata haja porini inafanywa ukuta. Simu ni nzuri pia. Inaonyesha njia vizuri sana mpaka pale unapoihitaji.

Baada ya miaka miwili Mzee Ndiema alianza kunichukua kwenye kazi ya kutafuta njia. Kazi hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na wachache kati yenu wanaijua. Siku hizi mnakaa kwenye kiti, mnapitisha kidole juu ya kioo, mnasema njia imepatikana. Mzee alikuwa na sheria yake. Hakuna mgeni angepitishwa njia ambayo mwelekezi hajaipita mara tatu: ikiwa kavu, mvua ikiwa imenyesha, na siku ya soko. Ikiwa kavu unajifunza mawe na miteremko. Ikiwa imelowa unajifunza udongo, kwa sababu huu wetu mwekundu ukipata maji hujaa kwenye tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na hapo ni wewe unabeba baiskeli. Siku ya soko unajifunza watu, na ng'ombe wao, na kuku waliofungwa miguu, na jinsi barabara ya Chwele inavyogeuka kuwa ya kila mtu isipokuwa wewe.

Kwa sheria hiyo tukachora ile tuliyoiita Njia ya Ndani. Inatoka Kitale ikipita mashambani hadi upande wa Kiminini, inaiacha barabara kubwa na malori yake, inakata kulia kwenye maramu, barabara ya udongo na changarawe, hadi Kimilili, wageni wanalala hapo. Kesho yake inateremka hadi Chwele na kuingia Bungoma. Wenye nguvu tuliwafikisha Lwakhakha, wakasimama darajani wakaitazama Uganda, wakapiga picha, tukarudi. Upande wa Bungoma tulijifunza trela za miwa. Dereva wa trekta hakuoni, na muwa uliochomoza pembeni haukuoni pia. Ukilisikia trekta nyuma yako, toka nje ya njia, simama, msalimie apite. Nina rafiki wengi madereva wa trekta kwa sababu ya adabu hiyo.

Njia hiyo hatukuichora wawili tu. Kwenye kila kinu cha kusaga niliteremka nikawauliza akina mama waliokuwa kwenye foleni: mbwa mkali yuko kwa nani, watoto wanatoka shule saa ngapi, daraja lile la mbao linazama mwezi gani. Mzee Ndiema alikuwa na aibu ya kuuliza. Mimi aibu hiyo sikuzaliwa nayo.

Mzee alipoacha kazi, daftari la njia lilibaki kwangu. Muda mfupi baadaye tukapata meneja mpya, Bwana Wafula, kijana wa Bungoma aliyesoma, mwepesi wa kuzungumza na wageni na mwepesi zaidi wa kuwapiga picha. Mimi na yeye tulielewana vizuri. Nasema hivyo mapema, kwa sababu nitamsema vibaya hapo mbele na sitaki mdhani ni chuki.

Mwaka huo upande wa Kiminini walikuwa wameweka lami kwenye kipande cha barabara ya kijiji, kipande kinachoteremka kwa raha hadi kwenye kijito na kupanda tena taratibu. Nilikipita Juni ikiwa kavu. Nikakipita mvua imenyesha, maji yakateleza pembeni, lami ikabaki safi. Nikakipita siku ya soko. Hata gari lilikuwa nadra. Nikasema jamani, hii imetumwa na Mungu, nikakitia kwenye Njia ya Ndani mahali pa kilomita kadhaa za mawe. Wafula akafurahi kuliko mimi, maana pale kwenye mteremko wageni wanapiga kelele za furaha, na mgeni akifurahi picha inatoka vizuri.

Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Oktoba, nilikuwa nachukua likizo kwenda nyumbani kuvuna. Kwa hivyo waelekezi wengine wachache ndio waliobaki kituoni miezi hiyo, na kazi ilikuwa ndogo kwa sababu wageni huwa wachache. Mwaka ule kundi moja la Nairobi likaomba Novemba. Watu tisa, wazoefu wa baiskeli, na walinitaka mimi kwa jina. Wafula akanipigia simu nikiwa shambani. Nikawaachia watoto kazi iliyobaki, nikashuka Kitale. Kusema kweli nilijisikia vizuri kuitwa kwa jina.

Asubuhi ilikuwa na jua. Tulipofika kwenye lami yangu nzuri, bwana mmoja aitwaye Otieno, mtu wa makamo, mpole siku nzima, alitangulia mbele kwenye mteremko. Aliinamisha kichwa akaiachia baiskeli. Mimi nilikuwa nyuma na mama mmoja aliyekuwa na gea mbovu. Nilipokunja kona nikaona kilichokuwa mbele yake.

Nusu ya barabara ilikuwa ya manjano. Kuanzia katikati ya mteremko hadi karibu na kijito, mahindi yaliyopukuchuliwa yalikuwa yametandazwa juu ya lami, yamezungushiwa mawe na matawi, na akina mama wanayageuza kwa reki. Upande wa pili uliobaki wazi, nduthi ilikuwa ikipanda na magunia matatu. Otieno alikuwa na nafasi ya kuchagua kati ya nduthi na mahindi. Alichagua mahindi, na mimi pia ningechagua hivyo. Punje kavu juu ya lami hazikushiki hata kidogo. Baiskeli iliondoka chini yake, akaangukia bega, akateleza mpaka kwenye mawe.

Mwanamke wa kwanza kumfikia alikuwa mwenye mahindi hayo. Baadaye nilimjua kwa jina la Mama Wanjiru, mjane, ambaye babu wa mume wake alihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa Murang'a. Alikuwa ametupa reki, amepiga magoti, amefungua leso yake kiunoni. Alimfunga mkono kifuani vizuri kuliko ninavyofundisha mimi. "Pole baba," alikuwa akimwambia. "Pole sana. Usisongeshe mkono." Wenzake Otieno walifika kwa kasi, hawakuwahi kusimama, wakapita juu ya mahindi yaliyobaki, wakayasambaza hadi mtaroni. Hakuna hata mama mmoja aliyewapigia kelele. Walikuwa wanamtazama mgonjwa.

Otieno alivunjika mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, na mbavu moja. Nilienda naye hospitali, nikarudi kesho yake na uji. Alikuwa amelala chali, leso ya Mama Wanjiru imekunjwa juu ya kabati. Aliniuliza jambo moja tu.

"Nekesa, niambie ukweli. Ulijua kuna mahindi pale?"

"Pale sikujua," nikasema. "Lakini najua Novemba mahindi huwa wapi."

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua."

Akageuza uso ukutani. Nikaacha uji, nikatoka. Nje ya hospitali nilikaa kwenye ukingo wa mtaro nikalia, na siandiki hivyo ili mnionee huruma. Mzee Ndiema alinipa sheria ya mara tatu kwa sababu mlimani kwake mambo yalikuwa ni matatu. Mimi wa huku chini nilipaswa kujua kwamba kuna ya nne. Lami ni uwanja bora wa kuanikia kuliko wote: ni kavu, ina joto, mchwa hawapandi. Ukiweka lami katikati ya mashamba ya mahindi, Novemba itakuwa na mahindi juu yake, na mtoto wa darasa la pili anajua. Nilikuwa nimepita Juni mara tatu nikajiona mtaalamu.

Siku ya tatu nikapanda baiskeli nikaenda kumwona Mama Wanjiru nimpe pole. Barabara ilikuwa tupu. Hakuna reki, hakuna mawe, hakuna punje hata moja. Nilimkuta jikoni na magunia yamepangwa mpaka karibu na mlango. Mjumbe wa naibu chifu alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Alisema kituo cha baiskeli kinaleta malalamiko, na malalamiko yakifika kwa maandishi, basi kuanika barabarani kumekwisha, na yeye Mama Wanjiru atapelekwa mbele kama mfano. Ijumaa afike ofisini. Kwa hofu, nyumba zote pande mbili za kijito zilikuwa zimeyazoa mahindi yakiwa bado na unyevu.

"Weka mkono," akaniambia.

Nikaingiza mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko. Ndani kulikuwa na joto la kitu kilicho hai. Mkulima yeyote anajua joto hilo. Siku chache tu zikipita, ni ukungu, na ukungu huo si wa kuosha, unaua watu.

"Hata wale wa ng'ambo ya mto wameambiwa hivyo," akasema. "Sasa hii tutafanyia wapi? Uwanja wangu ni matope. Hii ndiyo ya kula mpaka mwaka kesho."

Hakunilaumu. Hakusema neno juu ya wageni wangu waliopita juu ya chakula chake. Alinikaribisha chai. Niliinywa kwa shida, na nilipoondoka hapo nilikuwa na hasira ambayo haijaisha hadi leo.

Alhamisi Wafula akaniita. Alikuwa ameandaa maelezo, yamechapwa vizuri, ya kutiwa sahihi na mwelekezi aliyekuwepo. Yalisema mgeni aliumia kwa sababu ya mahindi yaliyowekwa barabarani kinyume cha sheria, na chini yake kulikuwa na jina kamili la Mama Wanjiru. Nilimuuliza jina amelitoa wapi. Akasema kwa naibu chifu. Ripoti inataka jina, akasema, na watu wa bima wanataka ripoti.

"Weka sahihi tu, mama. Si ni kweli mahindi yalikuwa barabarani?"

"Ni kweli. Na nani alimpeleka mgeni huko?"

"Hiyo haiulizwi."

Nikamwambia basi mimi ndiye ninayeiuliza. Akaanza kunieleza kwa upole. Kwamba njia ikiandikwa ina kosa, kituo kizima kina kosa. Kwamba bado nina miaka mingi ya kazi mbele, nisijiharibie jina. Kwamba huyo mama atapewa onyo tu. Nikamwambia kuhusu magunia yale na joto lile. Halafu akainama karibu nami, akashusha sauti, na akaacha Kiswahili akaingia Kibukusu, lugha yetu sisi wawili. Akaniuliza kwani huyo mama ni wa kwetu.

Nyinyi mliozaliwa juzi mnaweza kudhani ni swali dogo. Sisi tuliokuwa watu wazima hapa tumewahi kuona swali hilo likiulizwa nyumba kwa nyumba wakati wa vita vya makabila, na tuliona nyumba zilikuwaje kesho yake. Nikasimama. Karakana ilikuwa upande wa pili wa mlango, na mafundi walikuwa wakifanya kazi.

"Sema tena hiyo maneno," nikamwambia. "Sema kwa Kiswahili, na kwa sauti, hawa wote wasikie."

Aliangalia meza. Wafula si mtu mbaya, na nadhani aliona aibu, lakini aibu yake haikurarua ile karatasi. Niliirarua mimi. Nikavuta karatasi tupu kutoka kwenye mashine yake ya kuchapia, nikakaa kwenye kiti chake kwa kuwa yeye alikuwa amesimama, nikaandika ya kwangu kwa mkono. Mistari haikufika kumi. Akaisoma, akaniambia nikiipeleka hiyo siendeshi tena mgeni hata mmoja. Nikamuuliza anataka funguo za baiskeli sasa hivi au niziache jioni.

Ijumaa nikaenda kwa naibu chifu kwa baiskeli yangu mwenyewe. Mama Wanjiru alikuwa ameketi kwenye benchi na kitambaa kipya kichwani, kama mtu anayeenda kuhukumiwa, na wenzake kama kumi na wawili walikuwa wamesimama nje. Naibu chifu akauliza malalamiko ya kituo yako wapi. Nikasema ni haya hapa, nikasoma ya kwangu kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Nilipomaliza aliichukua, akaigeuza kuangalia kama kuna kitu nyuma, akakohoa. Alisema hana malalamiko mengine mezani, na kazi yake si kuyatafuta. Aliwaambia akina mama waache nusu ya barabara wazi na waweke matawi mbali zaidi kabla ya mteremko, ili anayekuja aone mapema. Kisha akanirudishia karatasi niipeleke kituoni iwekwe kwenye faili, akatufukuza sote, ana kazi.

Mchana huo nilishika reki. Tulitandaza mpaka mgongo ukakataa. Magunia mawili ya Mama Wanjiru yalikuwa yameshashika ukungu chini, tukayafukia mbali na kuku. Hayo mawili mimi ninayahesabu kuwa yangu, na nitayahesabu mpaka nife.

Wafula alitimiza neno lake. Misimu miwili sikuongoza mtu. Nilirudi karakana kunyoosha rimu na kuziba tyubu, na waelekezi niliowafundisha wakawa wananipita langoni wakiangalia pembeni. Waliodhani nitaomba msamaha walingoja sana. Leso ya Mama Wanjiru ilirudi kutoka Nairobi kwa basi, imefuliwa na kupigwa pasi, bila barua. Nikampelekea. Msimu wa tatu wageni wakaanza kuniulizia tena, na Wafula akanirudishia njia bila kusema kitu, nami nikaipokea bila kusema kitu. Kwenye daftari nikaongeza mara ya nne: wakati wa mahindi. Kuanzia mwisho wa Oktoba Njia ya Ndani haipiti kwenye lami ile, inarudi kwenye mawe. Wageni wakilalamika kwamba mawe yanaumiza makalio, waambieni ni kweli, yanaumiza.

Mwezi uliopita, nilipokuwa nikikabidhi funguo, Wafula aliniita tena kwenye ofisi ileile. Amekuwa mtu mzima, ana mvi. Alikuwa na faili langu. Akaniambia kwa nia njema kabisa kwamba anaweza kuitoa ile karatasi niliyoiandika kwa mkono, aweke nyingine inayosema ajali ya kawaida, ili cheti changu cha kuagwa kiandikwe safi bila doa. Niliona anataka kunipa zawadi. Nikamwambia akiitoa nitaiandika upya, na mwandiko wangu sasa umekuwa mbaya kuliko zamani, atapata taabu kuisoma. Akafunga faili.

Iko humo. Waelekezi wapya, mkiambiwa Nekesa alikuwa mkaidi, nendeni mkaisome wenyewe. Lakini kwa kuwa najua kabati hilo halifunguki vizuri, nainakili hapa:

"Njia hii niliichora mimi. Niliipita Juni, sikuipita Novemba. Mgeni aliumia kwa kosa langu, wala si kwa kosa la mtu mwingine. Mnataka jina la mwanamke anayeanika mahindi barabarani. Mimi ninaanika yangu kwenye barabara ya Kimilili kila Novemba, na siku mgeni alipoanguka yalikuwa huko juu ya lami, watoto wangu wakiyageuza. Andikeni jina langu."

Chini yake nilitia sahihi na nambari ya kitambulisho, ili asije mtu akasema ni Nekesa mwingine.